Mcheza Kwao Hutunzwa? Jumapili Tuliyokwenda Sabasaba



Wapendwa waamini, juma hili twaomba ruhusa yenu tuwasimulie jambo la miaka kadhaa iliyopita, ambalo limekaa moyoni mwetu kama deni lisilolipwa. Jumapili tarehe 10 Septemba 2017, kwa mara ya kwanza katika maisha yetu, tulikwenda kutazama mechi ya Ligi Kuu ya Tanzania Bara ikichezwa nyumbani. Tunasema nyumbani, yaani hapa mkoani Njombe, katika uwanja wa Sabasaba, timu yetu ya Njombe Mji ikiwakaribisha Yanga kutoka Dar es Salaam.

Msishangae kwamba padre aliyekwisha kuwa mtu mzima alikuwa hajaona mechi ya namna hiyo. Seminarini tulicheza mpira kila jioni ya michezo, wengine kwa kipaji, sisi kwa utii. Lakini mechi ya Ligi Kuu ilikuwa jambo la redioni, na baadaye la runinga. Ilichezwa mahali pengine, na watu wengine, mbele ya watu wengine. Mkoa wetu ulipozaliwa mwaka 2012, ukimegwa kutoka Iringa, haukuwa na timu katika ligi hiyo. Njombe Mji ilipopanda daraja kwa msimu wa 2017/2018, ilikuwa kana kwamba jina la mji wetu limeandikwa upya katika ramani ya nchi.

Asubuhi ile tuliadhimisha Misa ya kwanza hapa Makambako. Ilikuwa Dominika ya 23 ya Mwaka A, na Injili ilitoka kwa Mathayo, sura ya 18, pale Bwana anapowaahidi wanafunzi wake kwamba hata wakikusanyika wawili au watatu kwa jina lake, yeye yupo kati yao. Tulihubiri, tena kwa sauti kubwa, kwamba Mungu hahesabu vichwa kama sisi tunavyohesabu. Baada ya baraka ya mwisho tulitoka nje, tukakuta vijana wa parokia wamekwisha kukodi Coaster. Nusu yao na zaidi walikuwa wamevaa kijani na njano.

Pamoja nao alikuwapo mzee mmoja, katekista wa siku nyingi katika kigango kimojawapo. Alivaa koti lake la Dominika, mwavuli mkononi ingawa mvua zilikuwa bado mbali. Hakuwa na skafu wala bendera. Tulipomuuliza anaishangilia timu gani, alitutazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. “Baba Paroko,” alisema, “si tunakwenda kucheza kwetu?”

Kutoka Makambako hadi Njombe ni mwendo wa kilomita kama 60. Wenyeji mnaijua njia ile: upepo mkali wa nyanda za juu, misindano iliyopangwa kwa mistari, na miwati ya Kibena mnapoukaribia mji. Makambako yenyewe ni mji wa njiapanda. Reli ya TAZARA inapita hapa tangu miaka ya 1970, barabara kuu ya kwenda Mbeya na Zambia inapita hapa, na ndipo inapochepuka barabara ya Njombe na Songea. Kwa hiyo sisi watu wa Makambako tumezoea kuona watu wakipita. Malori yanapita, mabasi yanapita, wana wetu wenyewe wanapita kwenda kutafuta maisha. Siku ile ilikuwa kinyume. Magari yalikuwa yakiingia, yakikata kona kuelekea Njombe, na wakubwa wa nchi walikuwa wamekuja kwetu.

Sabasaba ni jina linalokumbusha tarehe 7 Julai 1954, siku ilipozaliwa TANU. Tulipofika, umati ulikuwa umekwisha kuuzunguka uwanja. Wauza karanga na mayai ya kuchemsha walipita kwa shida kati ya watu, na chai ya tangawizi ilikuwa ikiuzwa kwa haraka kuliko soda, maana baridi ya Njombe haimheshimu mgeni. Tulitafuta mahali, tukasimama, tukatazama. Hapo ndipo tulipoona jambo ambalo hatukuwa tumejiandaa kuliona. Uwanja ulikuwa kijani na njano. Si upande mmoja tu, bali karibu kila upande. Timu ya wenyeji ilipoingia ilipigiwa makofi ya adabu, kama wanayopigiwa watoto wa Shirika la Utoto Mtakatifu wakimaliza kuimba. Yanga ilipoingia, ardhi ilitetemeka.

Yule mzee alikaa kimya kwa muda, kisha akainama sikioni petu: “Baba Paroko, leo hapa mwenyeji ni nani?”

Hatukuwa na jibu. Tulicheka, kama tunavyocheka tukiulizwa swali zito. Lakini swali lile ni swali la historia, na ndiyo maana tunaliandika.

Mpira wa miguu haukuletwa Afrika Mashariki na klabu kubwa. Miongoni mwa Waafrika wa kwanza kuucheza katika pwani yetu ni wanafunzi wa chuo. Mwishoni mwa karne ya 19, huko Unguja, Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walikuwa na chuo cha Mtakatifu Andrea pale Kiungani, ambako vijana, wengi wao waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa au watoto wa waliookolewa, walifundishwa ualimu na utumishi wa Kanisa. Huko walicheza kandanda. Tafakarini jambo hilo. Vijana walionyang’anywa kwao, wasiojua tena njia ya kurudi katika vijiji vyao, waligawanywa katika pande mbili, wakapewa mpira, na kwa muda wa mchezo kila mmoja akawa na wenzake wa kumwita jina. Uwanja wa chuo ukawa mahali pa kuwa mtu wa mahali fulani.

Kutoka vyuoni, mpira ulisambaa na walimu, makarani, askari na wafanyakazi wa bandari. Misheni karibu zote, zetu na za ndugu zetu wa madhehebu mengine, zilitenga kiwanja karibu na shule. Mjini Dar es Salaam zilizaliwa klabu mbili ambazo zingeigawa nchi: Yanga mwaka 1935, na mwaka 1936 ile iliyokuja kuitwa Sunderland, na tangu 1971 Simba. Ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965, bingwa wa kwanza alikuwa Sunderland. Mikoa mingine ilipata zamu yake mara chache: Mseto ya Morogoro mwaka 1975, Tukuyu Stars kutoka kwa jirani zetu wa Rungwe mwaka 1986, Coastal Union ya Tanga mwaka 1988. Lakini taji daima lilijua njia ya kurudi Dar es Salaam.

Mapenzi ya klabu hizi yalifikaje Njombe, kilomita mamia kutoka Jangwani na Msimbazi? Tunadhani yalifika kwa njia mbili. Ya kwanza ni njia ya miguu. Wakati wa ukoloni, nchi hii ya Wabena ilikuwa shamba la kuvunia nguvukazi. Wanaume waliandikishwa kama manamba, wakapelekwa katika mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko, wakikaa miezi na miaka mbali na wake zao. Walioendelea hadi mjini walirudi na baiskeli, na kanga, na majina ya wachezaji. Njia ya pili ni ya hewani. Redio ilipoingia vijijini, mtu aliyekuwa hajawahi kuiona bahari alijua nani amefunga bao Dar es Salaam. Redio moja ilikusanya kijiji kizima, na kijiji kiligawanyika katikati bila ugomvi wa ardhi wala wa ukoo.

Hatusemi kwamba mapenzi hayo ni mabaya. Mtu wa Makambako na mtu wa Kigoma wasiojuana wakikutana ndani ya basi, wakisema “Yanga” tu, safari imekuwa fupi. Katika nchi yenye makabila zaidi ya 120, si jambo dogo kuwa na ugomvi usiofuata kabila wala dini. Simba na Yanga zimewaunganisha Watanzania kwa kuwagawa, nalo ni fumbo ambalo wanasiasa wangelitamani. Ila kila upendo wa mbali una gharama zake nyumbani. Tulijifunza kwa miaka themanini kwamba mambo makubwa hutokea kwingine. Basi makubwa yalipokuja kwetu, tuliyapokea kwa mavazi ya huko yalikotoka.

Tuurudie uwanja. Mechi yenyewe haikuwa ya kudhalilisha. Ikumbukwe kwamba siku ya ufunguzi wa ligi, tarehe 26 Agosti, Simba iliifunga Ruvu Shooting mabao 7 kwa bila, manne yakiwa ya Emmanuel Okwi, na Njombe Mji ilikuwa imepoteza mchezo wake wa kwanza mbele ya Tanzania Prisons ya Mbeya. Wengi walitarajia mvua ya mabao. Haikunyesha. Ibrahim Ajibu aliifungia Yanga katika kipindi cha kwanza kwa mpira wa adhabu, na lile bao moja ndilo lililoamua mchezo. Vijana wetu walikimbia, walianguka, wakainuka. Kila walipolikaribia lango la wageni, yule mzee aliinua mwavuli wake uliofungwa, peke yake, kama Musa na fimbo yake. Waliokuwa jirani naye walimcheka kwa upole. Sisi pia tulitabasamu, na leo tunaona haya kwa tabasamu lile.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Anayecheza ngoma kijijini kwake hutupiwa sarafu, hufutwa jasho kwa kanga, husifiwa hata kama mguu umekosea mdundo. Si kwa sababu amecheza vizuri kuliko wote duniani, bali kwa sababu ni wa pale. Methali hii haizungumzii kipaji cha mchezaji. Inazungumzia wajibu wa watazamaji. Siku ile Sabasaba wachezaji walitimiza upande wao wa methali. Sisi hatukutimiza wetu.

Na ungamo letu halijaisha. Msimu ule ulikuwa na timu 16, kwa hiyo kila timu ilicheza mechi 15 nyumbani. Je, twawaambia tulikwenda mara ngapi? Mara mbili. Mara ya pili ilikuwa mwanzoni mwa Aprili 2018, siku chache baada ya Pasaka, Simba ilipokuja na kushinda mabao 2 kwa bila, yote ya John Bocco. Uwanja ulijaa tena, safari hii nyekundu na nyeupe. Katikati ya siku hizo mbili zilipita mechi nyingi, na sisi tulikuwa na sababu nzuri kwa kila mojawapo: semina, maziko, mvua, mahesabu ya parokia. Sababu hizo zote hazikuwapo siku za Yanga na Simba. Ajabu iliyoje!

Mwishoni mwa Mei 2018 ligi ilikwisha, Simba ikiwa bingwa. Timu mbili zilishuka daraja: Njombe Mji na Majimaji ya Songea. Angalieni ramani. Songea na Njombe ni miji ya barabara moja, ile inayoanzia hapa Makambako. Msimu ule Nyanda za Juu Kusini na Ruvuma zilikuwa na timu tano kati ya 16: Mbeya City, Tanzania Prisons, Lipuli ya Iringa, Majimaji na Njombe Mji. Mwaka ulipokwisha, barabara yetu yote ilikuwa imezimwa taa. Tena msimu uliofuata ligi ilipanuliwa, zikapandishwa timu sita, ikawa na timu 20. Mlango ulikuwa ukifunguliwa upana wakati sisi tunatoka.

Hatutaki kudai kwamba timu ilishuka kwa sababu paroko hakwenda uwanjani. Timu ndogo hushuka kwa mambo mengi: safari ndefu za barabarani, fedha za kuokoteza, wachezaji wanaoondoka wakionekana wazuri. Lakini mapato ya mlangoni ni sehemu ya chakula cha timu kama hiyo, na mchezaji anayefungwa siku ya Jumatano mbele ya watu wachache hujua kwamba mji umekwisha kuamua. Timu haifi siku inaposhuka. Huanza kufa siku ile wenyeji wanapoigeuza kuwa sababu ya kuwaona wageni.

Je, ilikuwa lazima iwe hivyo? Tuwaeleze habari ya timu iliyozaliwa uani mwa Kanisa. Mwaka 1908, mjini Buenos Aires, nchini Argentina, padre Msalesiani aitwaye Lorenzo Massa aliona vijana wakicheza mpira barabarani na kuhatarisha maisha yao kwa magari. Akawapa uwanja wa kanisa lake, kwa sharti kwamba waje Misa siku ya Dominika. Ndiyo asili ya klabu ya San Lorenzo, ambayo hayati Papa Fransisko aliipenda tangu utoto wake. Klabu hiyo ilipoteza uwanja wake mwaka 1979, na pale palipochezwa mpira pakajengwa duka kubwa. Mwaka 1981 ikashuka daraja. Haina nyumba, haina hadhi. Na mwaka 1982, ikicheza daraja la pili katika viwanja vya kuazima, mashabiki wake walijaa kwa wingi ambao hata timu za daraja la kwanza ziliuonea wivu. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imepanda tena. Uwanja haukuwa nyumbani kwao. Wao ndio waliokuwa nyumbani kwa timu.

Habari hiyo ina ndugu yake huko Glasgow, Uskoti, ambako bruda Mmarist aitwaye Walfrid aliasisi klabu ya Celtic mwaka 1887 ili kupata fedha za kuwalisha maskini, wengi wao wahamiaji kutoka Ireland. Hapo pia mpira ulikuwa jibu kwa watu waliohitaji pa kuwa wenyeji. Nalo Kanisa halijauona mchezo kuwa upuuzi. Mtakatifu Paulo aliwaandikia Wakorintho kwa mifano ya wakimbiaji. Na tarehe 1 Juni 2018, siku chache tu baada ya timu yetu kushuka, Baraza la Kipapa la Walei, Familia na Maisha lilitoa hati nzima juu ya michezo na utu wa binadamu, ambayo ndani yake hata watazamaji wanakumbushwa wajibu wao.

Wapendwa, huenda mmekwisha kuona tunakoelekea. Parokia nayo ina siku zake za Yanga na Simba. Krismasi tunafunga maturubai nje. Jumapili ya Matawi mitende haitoshi. Askofu akija kutoa Kipaimara, hata waliotusahau wanakumbuka njia. Halafu inakuja Dominika ya kawaida ya mwezi wa pili, mvua inanyesha, kwaya imebaki na watu saba, na katika kigango cha mbali katekista anaongoza Ibada ya Neno mbele ya akina mama watatu na mtoto aliyelala. Hiyo ndiyo mechi ya nyumbani. Hapo ndipo inapojulikana nani ni mwenyeji.

Miezi kadhaa baada ya timu kushuka tulimtembelea yule mzee kigangoni kwake. Katika mazungumzo tulimwambia, kwa sauti ya mtu anayetoa pole, kwamba tumehuzunika kwa yaliyoipata timu yetu. Alitikisa kichwa taratibu. Ndipo tulipojua kwamba alikuwa amekwenda Sabasaba mara tisa, akipanda gari kwa nauli yake, mara nyingine akirudi usiku. “Kuna siku,” alisema, “mvua ilikuwa kubwa, tukabaki watu wa kuhesabika. Nikaikumbuka ile Injili uliyotuhubiria, Baba, ya wawili watatu. Nikasema, basi leo tumetimia.”

Tulihubiri sisi, akaishika yeye. Tangu siku ile, kila tunapofika kigango chenye watu wachache hatuulizi tena wengine wako wapi. Tunawashukuru waliopo, tunavaa kanzu na stola, na tunaadhimisha Misa yote, pamoja na mahubiri, bila kukata kitu. Nanyi mkisikia tena kwamba vijana wa Njombe au wa Makambako wanacheza alasiri fulani na timu isiyojulikana, tuambieni mapema. Tutakuja na mwavuli.

Dominika njema, na Mungu awabariki.